Bangili Isiyopimwa

Zena wangu,

Salamu hizi hazina safari ndefu, maana uko upande wa pili wa ukuta. Nawasikia wanawake uani wanavyokupaka hina na kukucheka kila ukitaka kujikuna pua. Shangazi yako amenifukuza, anasema mwanamume hana kazi humo. Basi nimekuja dukani, nimerudisha mlango, nimeshika kalamu badala ya nyundo. Kesho asubuhi unapanda treni ya Kigoma kwenda kwa mumeo Ujiji, na mimi nikijaribu kukwambia haya pale stesheni, watu wakitutazama, nitaishia kukuuliza kama mmebeba chakula cha njiani. Najijua.

Mambo ya nyumba sikuandikii. Hayo shangazi yako ameyamaliza, na mengine ameyarudia kwa sauti hata mimi sasa naweza kuolewa. Nataka kulijibu lile swali lako, kwa sababu siku ile nililijibu vibaya.

Unaikumbuka siku yenyewe. Alikuja yule Mzungu wa reli anayekusanya sarafu za kale, akauliza kama nina rupia za Mjerumani, zile za mwanzo zenye mfalme wa kofia ya ndege upande mmoja na simba upande wa pili. Nikamtolea mbili. Moja akairudisha hapo hapo. Ya pili akaigeuza chini ya kioo chake, akanitajia bei ambayo nilidhani Kiswahili kimemponyoka. Nikamwambia, "Bwana, hii na ile uzito mmoja, fedha moja. Mbona hii unailipia kama ng'ombe na ile huitaki?"

Akasema, "Fundi, hii haijaguswa. Ile imetobolewa."

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na birika la kahawa. Alipoondoka ukaniuliza, polepole kama mtu anayekanyaga gizani, "Baba, zile za mama angezinunua kwa bei hiyo?"

Nami nikakujibu bila hata kuinua uso, "Zile angezitupa. Zilikuwa na matundu, na babu yako alizichanja ukingoni."

Uliliweka birika chini ukaondoka.  Tangu siku hiyo tunaongea mambo ya mchele na mikeka tu. Na shangazi yako alipokufungulia kabati la duka uchague bangili za kuvaa ukweni, ukasema mbele za watu, "Sitaki kitu cha kabatini." Lo! Binti wa sonara anakwenda kwa mumewe mikono mitupu. Wakwe walitazamana, niliwaona. Sikukasirika, mwanangu. Iliniuma tu, nikaingia huku dukani nikajifanya natafuta koleo.

Nilichokujibu kilikuwa kweli. Tatizo ni kwamba uliniuliza habari ya mama yako, mimi nikakutajia bei. Siku moja mumeo au mwanao atakuuliza jambo lililofungwa ndani ya jambo jingine. Ukiweza, jibu lile la ndani. Mimi kwa hilo sikujaliwa, ndiyo maana naandika.

Umekulia chini ya mizani hii, kazi yangu unaijua. Mtu analeta rupia zake mwenyewe, ananiambia nataka bangili, nataka kikuku. Naziyeyusha mbele ya macho yake. Kazi ikiisha, bangili inawekwa kitanga hiki, na rupia kama zile alizoleta zinawekwa kitanga cha pili. Vitanga vikitulia sawa, mteja anacheka, tunakunywa kahawa. Hapa Tabora hakuna sonara anayemwacha mteja atoke kabla ya kupima, na hakuna mteja anayekubali. Huulizi bangili ya mtu ni nzuri namna gani, unauliza ni ya rupia ngapi. Hata shilingi hizi za Mwingereza zilipokuja, watu hawakuacha kuficha rupia, maana shilingi ukiitia motoni inatoka nyekundu kama sufuria. Shaba tupu, wanatucheza shere.

Kwa hiyo mimi niliwacheka watu maisha yangu yote. Miezi michache kabla mama yako hajaugua, alikuja mama mmoja kutoka Igalula na mfuko wa rupia, akataka bangili za harusi ya mwanawe. Nikaanza kuzitia kijunguni, akanishika mkono. "Hiyo hapana, fundi. Tia nyingine badala yake." Nikamuuliza ina nini. Akasema alipewa na marehemu mumewe siku aliyotoka jeshini. Nikamwambia, "Mama, motoni zote sawa." Akaniachia mkono, nami nikaitia. Alipokea bangili zake, zikapimwa, zikawa sawasawa, akaondoka bila kunywa kahawa. Niliisimulia hadithi hiyo barazani kama kichekesho, na watu walicheka kweli. Natamani ningemjua jina.

Sasa za mama yako.

Babu yako mzaa mama, Mzee Mihambo, alikuwa mpagazi. Alizaliwa huko Sikonge kwenye asali, akaenda pwani na mizigo ya watu begani kabla reli haijafika huku, akarudi, akaenda tena. Wapagazi wa zamani walikuwa na desturi yao: njiani fedha zote zilifungwa katika furushi moja alindalo mtu mmoja anayeaminika, na kila mwenye fedha alizichanja kwa kisu ukingoni ili wakifika kwao zisigombaniwe. Mzee Mihambo alichanja alama ile ile ambayo ukoo wake ulichora kwenye mizinga ya nyuki msituni, mistari miwili na mmoja wa kukata. Alipozeeka, alizitoboa rupia zake akazitunga kwenye kamba ya ngozi, akamvika mama yako siku nilipomwoa. Mimi nilikuwepo. Alisema, "Mwajuma, hizi ni shingo yangu." Hakusema nimekupa, wala hakusema nimekuazima. Nani huuliza siku ya harusi?

Mama yako hakuzivua. Alitwanga nazo, alifagia nazo, na zilikuwa zikigongana kifuani kwake kwa sauti ndogo. Mimi nikiwa hapa dukani nilijua yuko kisimani, yuko jikoni, ameinama, ameinuka. Nilijua na akikasirika, maana alipokasirika alitembea kwa haraka. Sikuwahi kumwambia kwamba nasikiliza. Angenicheka mpaka leo.

Alipougua, zile rupia zikaanza kumlemea. Siku moja alizivua mwenyewe akaniwekea mkononi. Wewe ulikuwa umeng'oka meno ya mbele, mapya hayajaota. Akasema, "Baba Zena, ziyeyushe. Mfulie mwanangu bangili, nimvike mwenyewe kabla sijaenda."

Nikamwambia utapona, acha maneno hayo.

Akasema, "Sikiliza basi. Hizi zina alama ya kwetu. Mimi nikifumba macho, kaka yangu atakuja kutoka Bukene mpaka hapa, na atazijua. Si mtu mbaya, lakini atazijua. Bangili haina alama. Ikiwa mkononi mwa Zena na mimi ni hai, nani atasema si yake?" Kisha akachomoa uzi kwenye upindo wa kanga, akauzungusha kwenye mkono wake mwenyewe, hapa chini ya kiganja, akafunga fundo. "Akikua, mkono wake utakuwa kama wangu. Fua kwa kipimo hiki."

Unaona? Yeye ndiye aliyekuwa ameelewa kazi yangu kuliko mimi. Kitu chenye sura kina kwao, na kwao watakuja kukidai. Fedha tupu haina kwao.

Nikaja hapa. Nikawasha makaa, nikazipanga kijunguni, nikashika mivukuto. Mwanangu, mikono hii imeyeyusha fedha za nusu ya mji. Ilinikatalia. Nilizitazama zinavyoanza kubadilika rangi, nikajiona kama nauzima ule mwendo wake ndani ya nyumba. Nikachukua koleo nikazitoa, nikazimwagia maji. Nikajiambia leo nimechoka.

Siku iliyofuata vivyo hivyo. Na nyingine. Mimi, niliyemwambia mjane wa watu kwamba motoni zote sawa! Nilikuwa nazisugua majivu yatoke, nazitunga tena kwenye kamba, naziweka sikioni nazitikisa. Wallahi nilizitikisa, mtu mzima na ndevu zangu.

Naye kila jioni aliniuliza, "Bangili iko tayari?"

Nikamwambia, "Bado kidogo."

Sauti yake ilizidi kupungua. "Iko tayari?"

"Nimeshaifua," nikamwambia. "Nasugua tu. Kesho."

Akatabasamu, Zena. Akasema, "Alhamdulillahi." Akauliza kama ni nzuri, nikasema nzuri sana. Kesho yake hakuamka.

 Watu husema muda unapoza. Haujapoza, umenizoesha tu. Nilimdanganya mke wangu kwa sababu ya kumpenda, na kule kumpenda ndiko kulikokunyang'anya wewe kitu chako. Nimekaa na fumbo hilo miaka yote, na sijapata sonara wa kulitenganisha.

Yaliyofuata uliyaona, ila ulikuwa mdogo. Baada ya arobaini mjomba wako Ramadhani alikaa barazani na wazee, akaomba kuona vitu vya dada yake. Nikazitoa. Akashika moja, akapitisha ukucha ukingoni, akaonyesha wazee. "Hii alama ya mizinga ya baba. Baba alimvika dada, hakumgawia. Ni za nyumba ya Mihambo." Wazee wakaziangalia. Wakaniuliza, "Fundi, una neno?"

Wewe ulikuwa umeshika upindo wa kanzu yangu. Najua umeniwekea moyoni kwamba nilinyamaza. Lakini ningesema nini? Ningesema marehemu alitaka ziyeyushwe, wangeuliza kwa nini, na jibu lilikuwa moja tu: alitaka kumficha kaka yake. Kaburi lake lilikuwa bado bichi. Nikaona bora nionekane mimi mjinga kuliko yeye aonekane mwizi wa mali ya baba yake. Nikasema, "Sina neno." Mjomba wako akazifunga kwenye leso. Zililia kidogo alipozifunga, na wewe ukaangua kilio. Watu wakadhani unamlilia mama. Nadhani ulikuwa unamlilia kweli.

Mjomba wako hakukaa nazo. Aliziuza Bukene kwa sonara wa pale, kwa uzito, na yule akazitia motoni siku hiyo hiyo bila kutazama simba wala alama. Nilipopata habari nilikaa sakafuni. Nilichoshindwa kukifanya kwa ajili yako, mtu asiyetujua alikifanya kwa ajili ya mteja asiyemjua.

Nilimchukia Ramadhani kwa muda mrefu. Tulipokutana msibani nilimpa mkono kama ninayempa gogo. Mpaka siku aliponishika bega nje ya msikiti akasema, "Shemeji, mwaka ule nyumbani kwangu tulikuwa tunachemsha mizizi. Nilinunua mtama." Basi. Hakuomba radhi wala hakujitetea. Na yule Tatu anayekuchora hina mguuni sasa hivi, ambaye kicheko chake kinavuka ukuta huu kuliko vyote, ndiye binti yake, na ndiye aliyeula mtama ule. Sikuandikii hili ili uone haya. Mimi mwenyewe kuna siku namwona Tatu nafurahi, na kuna siku namwona nazikumbuka rupia. Siku zote mbili ni zangu.

Kwa hiyo swali lako, zilikuwa na thamani gani? Kwa Mzungu wa reli, si kitu, kwa sababu zilikuwa zimeguswa na watu. Anachokilipia ni sarafu ambayo haikupita mikononi mwa mtu. Kwa sonara wa Bukene zilikuwa uzito wake, si zaidi. Kwa mjomba wako zilikuwa gunia la mtama na jina la baba yake. Kwangu zilikuwa mwendo wa mtu. Na mama yako, aliyezivaa kuliko sisi sote, alikuwa tayari zipotee sura, alama na sauti, mradi wewe ubaki na kitu. Yeye peke yake hakuzing'ang'ania. Ningejua siku ile ninavyojua leo, ningevuta mivukuto huku nalia, na ningeikamilisha.

Sasa fungua kitambaa kilichofungwa pamoja na barua hii.

Unalikumbuka lile kopo la maziwa chini ya meza yangu, ambalo nilikuchapa ulipoligusa? Kila sonara ana lake. Unga wa tupa, vumbi la sakafuni, chembe zinazoruka nikikata, vyote tunavifagia tukavitia humo, na wateja wanajua kwamba ufagio ni wa fundi. Wenzangu huchoma vumbi lao kila mwaka wakauza. La kwangu sikulichoma tangu mama yako alipoondoka. Sikujua nalingojea nini. Siku ile uliposema hutaki kitu cha kabatini, usiku wake sikulala, na asubuhi nikalichoma. Kikatoka kidonge cha fedha safi, hakina mfalme, hakina simba, hakina alama ya mzinga wa mtu. Kimetoka kwenye vikuku vya harusi za watu, na pete, na hirizi, na naamini ndani yake mna chembe ya rupia ya yule mama wa Igalula. Hakuna mjomba wa mtu atakayepitisha ukucha akakitambua.

Nimekifua kiwe bangili, kwa kipimo cha ule uzi. Uzi ulikuwa kwenye sanduku la mawe ya mizani, fundo lake halijafunguka. Sikukupima wewe. Kama alikosea, itakubana au itakupwaya, na usiipeleke kwa sonara wa Ujiji airekebishe. Lakini nimekuwa nikiutazama mkono wako wakati unanimiminia kahawa, na sidhani kama alikosea.

Haina pambo. Si nzuri sana, ingawa nilimwambia ni nzuri sana. Mikono yangu si ile ya zamani, na upande mmoja utaona nyundo iliteleza. Nimeuacha hivyo.

Na sijaipima. Nilifika nayo mpaka kwenye mizani, nikainua kitanga, nikakishusha. Ni kazi ya kwanza kutoka katika duka hili bila kupimwa, na watu wakijua watasema mzee amezeeka. Ukweni wakikuuliza ni ya rupia ngapi, na watakuuliza, waambie baba hakusema. Hutakuwa umesema uongo.

Sikulazimishi kuivaa. Ulisema hutaki kitu cha kabatini, na hii haikuingia kabatini, lakini haki ya kukasirika unayo bado. Kama hutaki, iache juu ya meza ya kahawa, nami sitakuuliza neno, tutaagana vizuri tu. Nitakuuliza kama mmebeba chakula.

Lakini ukiivaa, nina ombi moja. Njia ya stesheni inapita kando ya makaburi alikolala mama yako. Shangazi yako hatakubali msimame, atasema mtachelewa treni, na atakuwa sahihi. Usishuke garini. Mkifika pale kwenye mkwaju, inua tu mkono, ule wenye bangili, kama mtu anayemsalimia jirani kwa mbali. Mama yako ataelewa. Aliniuliza kama iko tayari, nikamwambia kesho.

Baba yako